Mgongo Unaouma Usiku: Ushauri Kuhusu TB ya Uti wa Mgongo kwa Watu wa Kisii na Nyamira

"Mimi sikohoi. Nitakuwaje na TB?" Wasomaji hawaishi kuuliza swali hili. Huuliza mchuma chai wa Kebirigo aliyeonyeshwa picha ya pingili zilizoliwa. Huuliza mama wa Nyamache ambaye mwanawe ameota kinundu mgongoni, na kijana wa boda pale Keroka ambaye miguu imeanza kumsaliti akishuka kwenye pikipiki. Karibu wote wamezunguka kwa miezi kabla mtu yeyote hajalitaja jina la TB.

Jibu ni hili. TB huingia kwa pumzi, lakini si lazima itulie mapafuni. Husafiri ndani ya damu na kutua popote, na ikishika mifupa, karibu nusu ya wagonjwa huwa imewashika uti wa mgongo. Kwa kawaida hula pingili mbili zinazopakana pamoja na gegedu iliyo katikati. Pingili huporomoka upande wa mbele, mgongo ukainama, usaha ukakusanyika, na mshipa mkuu wa fahamu unaopita humo ndani ukabanwa. Yote hayo humpata mtu ambaye hajakohoa hata siku moja.

Ugonjwa huu unapona, na dawa zake hospitali za serikali hutolewa bure. Watu wetu wanalemazwa na miezi inayopita kabla ya kidonge cha kwanza. Nitakayoyasema yote yanahusu kuiokoa miezi hiyo, kisha kuvumilia mwaka mmoja wa dawa bila kuteleza.

Maumivu ya kazi au ya TB?

Huku kwetu ni vigumu kumpata mtu mzima asiyelalamikia mgongo. Kuna vilima, kikapu cha majani ya chai, mikungu ya ndizi, jembe, na kule Tabaka kuna kuinamia jiwe la sabuni kutwa nzima. Sikuambii ukimbilie hospitali kila kiuno kinapovuta. Maumivu ya kazi hupungua ukipumzika, na wiki chache zikipita mara nyingi yamekwisha. Ya TB yana tabia zake:

- Yamepita wiki tatu au nne na kila wiki yanazidi kidogo.
- Kitanda hayakijali. Yanakuamsha usiku, na ukigeuka yanakukata.
- Yako mahali pamoja, juu ya mfupa wenyewe, mara nyingi kuanzia nyuma ya kifua hadi kiunoni. Mtu akipagonga taratibu kwa ngumi, unaruka.
- Mgongo umekakamaa. Huwezi kuinama kufunga kamba za viatu.
- Mwili unapungua, nguo zinalegea, joto linapanda jioni, jasho linalowesha shuka.
- Kuna kinundu kinachochomoza katikati ya mgongo ambacho hakikuwapo.

Usingoje kuwa nazo zote. Wapo wagonjwa wasio na homa wala jasho, wana maumivu tu. Na kama unaishi na virusi vya UKIMWI, una kisukari, au uliwahi kuishi nyumba moja na mgonjwa wa TB, wiki nne ni nyingi mno. Nenda mapema.

Mtoto mdogo hawezi kukueleza, kwa hiyo mtazame. Dondosha sarafu au peremende sakafuni umwambie aiokote. Mtoto mwenye mgongo mzima huinama. Mwenye TB ya mgongo hukunja magoti na kuchuchumaa huku mgongo umenyooka, mara nyingine akijishikilia mapaja ili ainuke. Mtoto anayelia usingizini, aliyeacha kucheza na anayekataa kubebwa mgongoni naye apelekwe akapimwe.

Hizi ni za kwenda siku hiyo hiyo

- Miguu inalegea, unajikwaa, au inakakamaa ukitembea.
- Ganzi inapanda kutoka nyayoni, au huhisi kitu sehemu za siri na makalioni.
- Haja ndogo imefunga, au haja yoyote inatoka bila wewe kujua.

Hapa mshipa wa fahamu umeshabanwa. Aliyefikishwa hospitali mapema ana nafasi nzuri ya kutembea tena, na nafasi hiyo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Usisubiri siku ya kliniki, wala usisubiri mjomba atume pesa kutoka Nairobi. Na mgonjwa huyu asipandishwe boda. Tafuteni gari ambamo atalala chali kwenye godoro gumu. Mkimgeuza, kichwa, mabega na nyonga vigeuke pamoja kwa mkupuo mmoja, watu watatu wakisaidiana.

Miezi hupotelea wapi

Sehemu hii naomba isomwe na familia nzima, kwa sababu mara nyingi si mgonjwa anayeamua.

*"Ni brucella."* Mgonjwa ana maumivu ya mgongo, homa na uchovu. Anatolewa tone la damu kwenye maabara ndogo ya sokoni, na baada ya dakika chache anaambiwa ana brucella, au taifodi, au zote mbili. Brucella ipo kweli, na hata yenyewe hushika uti wa mgongo. Lakini kile kipimo cha haraka kimechunguzwa hapa hapa Kenya, ikaonekana kwamba huwahesabu wengi wasio na ugonjwa. Baya zaidi, baadhi ya dawa za brucella, kama rifampisini na streptomaisini, huua pia bakteria wa TB. Ukizitumia wiki chache utapata nafuu ya uongo, kisha ugonjwa urudi, na vipimo vya baadaye viwe vigumu kusomeka. Ukiambiwa una brucella kwa mara ya pili na mgongo bado unauma, usikubali duru ya tatu ya sindano. Nenda hospitali kubwa ukapigwe picha ya mgongo.

*Sindano ya maumivu kila wiki.* Diklofenaki hupunguza maumivu tu, haigusi TB. Nyingine huchanganywa na deksamethasoni, ambayo humfanya mtu ajisikie mzima kwa siku tatu huku ikiipunguzia nguvu kinga ya mwili. Na antibiotiki za kemisti, hasa siprofloksasini na levofloksasini, zaweza kuificha TB bila kuiponya. Ukiwa umezitumia, mwambie daktari jina na tarehe.

*Kukandwa na kunyooshwa.* Pingili iliyoliwa haina nguvu ya kustahimili magoti ya mtu. Yeyote, awe fundi wa mifupa kijijini au mkandaji wa mjini, asibonyeze wala kuvuta mgongo ambao haujapigwa picha.

*Kisu cha kienyeji.* Abagusi tuna historia ndefu ya ababari, waganga waliofungua fuvu la kichwa kwa mikono yao, na madaktari wa ng'ambo walikuja kuwaona na kuandika habari zao. Siwadharau. Lakini mfupa wenye TB ukikwanguliwa au kukatwa kienyeji, ugonjwa unabaki ndani, jeraha halifungi, na bakteria wengine wanaingia. Kataa kuchanjwa mgongo, hata kama anayekushauri ni mzee unayemheshimu.

*Jipu lisilo na moto.* Usaha wa TB hutambaa. Waweza kuanzia kiunoni ukajitokeza kinenani au juu ya paja, uvimbe laini usiouma sana wala usio na joto. Watu hudhani ni ngiri, au muuguzi wa zahanati akalipasua. Likipasuliwa ovyo hubaki likichuruzika kwa miezi. Usaha huo hutolewa kwa sindano, kwa usafi, na hupelekwa maabara.

*"Amerogwa."* Nalisema hili kwa uchungu. Mgonjwa akikonda na mguu ukipooza, watu humtafutia mtu fulani kosa, na mara nyingi kosa hutupiwa bibi mzee wa jirani. Oktoba 2021 kina mama wazee wanne waliuawa Marani kwa kusingiziwa uchawi. Kinachokula pingili ni bakteria anayeonekana kwa kipimo na anayekufa kwa vidonge. Kuombewa ombewa, kanisa liwe karibu na mgonjwa, lakini maombi na dawa viende pamoja siku hiyo hiyo.

Uende wapi, na useme nini

Zahanati na kituo cha afya waweza kukuanzisha safari, lakini omba barua ya kwenda mahali penye eksirei na kliniki ya TB. Nyamira kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Kisii kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa mjini, na wa upande wa Gucha wana pia Hospitali ya Misheni ya Tabaka. Usipojua pa kuanzia, mtafute mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Wengi wao wanamjua afisa wa TB wa eneo lenu.

Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache. Usianze na "mgongo unaniuma", maana ni wagonjwa wengi asubuhi hiyo waliosema hivyo. Sema:

"Daktari, nimeumwa mahali hapa pamoja kwa wiki nane. Usiku maumivu yanazidi. Nimepungua kilo. Nimeshatumia dawa hizi na hizi bila kupona. Naomba tuangalie kama ni TB ya mgongo."

Baki na karatasi zote za maabara na pakiti za dawa ulizotumia, uziweke mezani. Daktari mzuri hatakasirika ukitaja ugonjwa. Akikupa vidonge vya maumivu tu, muulize kwa adabu: "Nisipopona, nirudi baada ya siku ngapi?" Kisha urudi siku hiyo.

Vipimo, na kila kimoja kinaweza kusema nini

*Eksirei ya mgongo.* Omba zipigwe mbili, ya mbele na ya ubavuni. Ile ya ubavuni ndiyo inayoonyesha pingili zilizoporomoka na nafasi iliyofinyika kati yake. Lakini eksirei huchelewa, kwa kuwa mfupa lazima upoteze karibu theluthi moja au zaidi ya madini yake ndipo ionekane. Eksirei safi katika mwezi wa kwanza haikuondolei shaka. Maumivu yakiendelea, rudi.

*MRI.* Hii ndiyo picha bora kwa ugonjwa huu. Inaonyesha usaha, mshipa wa fahamu na pingili zilizoanza kuathirika kabla hazijaporomoka. Ni ghali na si kila hospitali inayo, basi uliza mapema ni wapi inapatikana na ni kiasi gani. Pasipo MRI, CT nayo husaidia kuona mfupa.

*Picha ya kifua na makohozi.* Ufanyiwe hata kama hukohoi. Ikipatikana TB kifuani, kazi imekuwa rahisi. Ikikosekana, usishangilie, kwa maana wagonjwa wengi wa mgongo wana mapafu safi.

*Damu.* Kipimo cha ESR hupanda, lakini hupanda kwa magonjwa mengi. Kinafaa kufuatilia maendeleo. Kipimo cha virusi vya UKIMWI na cha sukari ni vya lazima, vinabadilisha matibabu. Ila damu ya "kutafuta TB" inayouzwa kwenye maabara za watu binafsi usiilipie. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2011 vipimo vya aina hiyo visitumike, maana hudanganya pande zote mbili.

*Usaha au kipande cha mfupa.* Huu ndio ushahidi wenyewe. Hutolewa kwa sindano ndefu mgonjwa akiwa amekufa ganzi, mara nyingi daktari akiongozwa na picha. Kisha hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi husema kama kuna bakteria wa TB na kama anaisikia dawa ya rifampisini.

Hapa pana kosa linalonisikitisha kila ninapolisikia. Kipande hutolewa kwa shida kubwa, kinatumbukizwa chote kwenye formalini, na hapo bakteria wote wamekufa, hawawezi tena kuoteshwa. Kabla ya siku ya kutolewa, muulize daktari: "Vyombo vitakuwa viwili?" Kimoja cha formalini, kiende kutazamwa kwa hadubini. Kingine kisicho na formalini, kwa GeneXpert na kuotesha. Jina na tarehe viandikwe juu ya vyote viwili. Kama ni wewe unayetumwa kupeleka sampuli, iende siku hiyo, isilale nyumbani.

"Kipimo kimekataa, lakini daktari anataka nianze dawa"

Anaweza kuwa na haki. Mfupa huwa na bakteria wachache, na sampuli inaweza kuwakosa. Picha ikifanana kabisa na TB, mwili umepungua na hakuna sababu nyingine, daktari anaruhusiwa kuanza matibabu, na kwa mgonjwa ambaye miguu inalegea kungoja majibu ya kuotesha kwa wiki nane ni hatari. Wewe muulize mambo matatu: amefikiria saratani, brucella na maambukizo mengine? Sampuli imechukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza? Tutajuaje kama tumekosea?

Hilo la tatu lina jibu. Kwa mgonjwa wa TB, usingizi, hamu ya kula na kilo huanza kurudi ndani ya wiki nne hadi nane. Zikipita bila mabadiliko yoyote, daktari atazame upya: huenda ni TB sugu, huenda ni saratani iliyotoka kwenye tezi dume au titi. Mtu wa makamo aliyeanza kuumwa mgongo huku anakonda hastahili kubahatishiwa.

Tahadhari moja: wiki za mwanzo jipu laweza kuongezeka ukubwa ingawa dawa inafanya kazi. Rudi uonwe, lakini usiache vidonge.

Dawa: miezi 12

Mwongozo wa Kenya kwa TB ya mifupa ni miezi 2 ya dawa nne (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli), kisha miezi 10 ya rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge hutegemea kilo zako, kwa hiyo upimwe uzito kila unapokwenda. Ukinenepa, idadi yaweza kupanda.

Nalirudia kwa sababu kosa hili limetokea mara nyingi: miezi 6 ni ya TB ya mapafu. Ratiba hiyo fupi ilijaribiwa hapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 kwa wagonjwa wa kifua, ikasaidia dunia nzima, na ndiyo ambayo kila mtu anaikumbuka. Jirani aliyepona kifua kwa miezi 6 atakuambia umemaliza. Hata mhudumu mgeni kwenye kliniki anaweza kufunga kadi yako kwa mazoea. Siku ya kwanza hakikisha kadi imeandikwa mgongo na tarehe ya kumaliza, na mwezi wa sita ukimsikia mtu anasema "umemaliza", mwonyeshe.

Namna ya kumeza:

- Mara moja kwa siku, saa ile ile, ikiwezekana kabla ya kula. Zikikuchafua tumbo, kula kidogo kwanza. Afadhali hivyo kuliko kuziruka.
- Mmoja nyumbani awe shahidi wako. Amwone mgonjwa akimeza, amwekee alama kwenye kalenda.
- Ukisafiri kwa mazishi au kikao cha mahari, beba za siku kadhaa za ziada.
- Chang'aa na busaa ziachwe. Dawa hizi hupita kwenye ini, na pombe huliumiza ini hilo hilo.
- Hakuna chakula maalum cha kununua. Mayai, maharagwe, omena, maziwa yaliyochemshwa, chinsaga na managu vinatosha, vikiwa vya kutosha.

Mkojo wa rangi ya machungwa ni wa kawaida, usiogope. Yanayotaka hospitali ni haya:

- Macho kuwa ya manjano, kutapika kusikoisha, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Acha dawa na uende siku hiyo.
- Kuona ukungu au kuchanganya nyekundu na kijani. Nenda haraka, ni ethambutoli.
- Miguu kuchoma na kufa ganzi. Uliza kama unapewa vitamini B6, maana hutolewa pamoja na isoniazidi. Lakini ganzi inayoambatana na udhaifu wa miguu ni ile dharura niliyokwisha kuitaja.
- Upele mwili mzima, au vidonda mdomoni.

Kina dada, rifampisini huvipunguzia nguvu vidonge vya kupanga uzazi na kile kijiti cha mkononi. Sindano ya miezi mitatu au koili haziathiriki hivyo. Waambie kliniki mapema. Mjamzito anaweza kutumia dawa hizi nne, na TB isiyotibiwa ni hatari kubwa zaidi kwake na kwa mtoto. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri kwa kawaida atahitaji kuimeza mara mbili kwa siku, kwa hiyo kliniki zote mbili zijue. Asiyekuwa ameanza ARV ataanzishwa mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili.

GeneXpert ikionyesha bakteria haisikii rifampisini, ratiba hii yote haikuhusu. Una dawa zako tofauti na afisa wa TB wa kaunti ndogo atakufuatilia mwenyewe.

Nilale au nitembee?

Zamani wagonjwa walilazwa chali kwa miezi, wengine ndani ya plasta. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilisimamia majaribio Korea kuanzia miaka ya 1960, wakalinganishwa waliolazwa na waliotembea wakimeza dawa nyumbani. Kulala hakukuongeza lolote, wala plasta. Dawa ndiyo iliyowaponya.

Kwa hiyo kama miguu ina nguvu na daktari ameona mgongo uko imara, tembea, oga mwenyewe, kaa na watu. Mshipi wa mgongo hupunguza maumivu kwa wengine, lakini haunyooshi mfupa wala hauchukui nafasi ya kidonge. Kisichofaa ni kubeba. Kikapu cha chai, mtungi, mkungu, mtoto mgongoni, jembe na boda kwenye barabara ya mawe visubiri hadi daktari aone picha mpya. Waajiri na wakwe waelezwe. Najua ni vigumu kwa mwenye shamba robo ekari kukaa bila kuchuma. Ndugu wagawane zamu mapema, kabla mgonjwa hajarudi shambani kwa aibu.

Upasuaji

Wengi hupona kwa dawa peke yake. Kisu hufikiriwa pale ambapo miguu inazidi kudhoofika au hairudi licha ya dawa, mgongo hauko imara, kibyongo ni kikubwa au kinaongezeka, jipu ni kubwa mno, au ugonjwa haujathibitishwa. Kwa kawaida utapewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Moi Eldoret au Kenyatta. Beba picha zote, si ripoti peke yake. Na baada ya upasuaji dawa huendelea hadi miezi 12 itimie. Chuma kilichowekwa mgongoni hakiui bakteria.

Ukiulizwa kama kinundu kitaondoka kwa dawa, jibu la kweli ni hapana. Dawa husaidia kisizidi. Ndiyo sababu nyingine ya kuwahi.

Aliyepooza, akiwa nyumbani

Kinachomuua mgonjwa wa aina hii mara nyingi ni kidonda cha kulala au mkojo uliooza kibofuni.

- Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia. Pangeni zamu.
- Kagueni visigino, makalio na nyonga kila siku. Palipobadilika rangi pasilaliwe kabisa.
- Shuka iwe kavu na isiyo na mikunjo. Asiwekewe chupa ya maji ya moto, kwani hahisi akiungua.
- Viungo vinyooshwe kila siku kama mtaalamu wa mazoezi alivyoonyesha.
- Asipoweza kukojoa, mpira wa mkojo ubadilishwe hospitali kwa tarehe zake.

Msimkatie tamaa mwezi wa pili. Nguvu hurudi polepole, vidole vya miguu kwanza, na wapo wanaosimama baada ya miezi mingi ya dawa.

Pesa

Vidonge ni bure, na ukidaiwa pesa za vidonge hospitali ya serikali, muulize afisa wa TB. Picha, sampuli, kulazwa na upasuaji ndivyo vinavyogharimu. Kama hujajisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, piga *147# leo, kabla ya rufaa. Mchango wa chini kabisa umewekwa shilingi 300 kwa mwezi, na wasio na mshahara wamekuwa wakitakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa hiyo harambee ya kwanza ya familia iende huko. Atakayebaki na ulemavu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Watu wa nyumbani

TB iliyo mgongoni tu haimwambukizi mtu. Msimtengee sahani wala kitanda. Lakini mgonjwa mwenyewe aliambukizwa na mtu aliyekuwa akikohoa, na huenda mtu huyo bado yumo nyumbani au kwenye matatu anayopanda kila siku. Kwa hiyo wote mnaolala chini ya paa moja mkapimwe, hasa anayekohoa. Walio na TB ya kifua waanze matibabu, na watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na virusi vya UKIMWI wapewe dawa ya kuzuia wakionekana hawana ugonjwa. Maziwa yachemshwe, kwa sababu kuna TB ya ng'ombe inayopitia humo. Mtoto mchanga apate chanjo yake ya BCG.

Ukimaliza mwezi wa 12, usiondoke na neno la mdomo. Omba picha ya mwisho, ipigwe kwa namna ile ile ya kwanza ili zilinganishwe, na uweke zote mahali pakavu pamoja na kadi. Maumivu mapya, jipu au udhaifu wa miguu ukitokea miaka miwili baadaye, picha hizo zitamwonyesha daktari kilichobadilika. Na mtoto aliyepona asiachwe hapo. Kibyongo chake chaweza kuongezeka anavyorefuka, hata bakteria wakiwa wamekufa wote, kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa mifupa kila mwaka hadi amalize kukua.